Pazia Kati ya Gitaa na Sauti

Prodyuza wa Mbeya alitupa sharti moja tu, na alilitoa kwa simu huku anatafuna kitu: tusikanyage studio yake kabla hatujajua tunachokwenda kupiga. Alisema amechoka na bendi zinazokuja kugombania kiitikio mbele ya kipaza sauti. Kila wimbo alitaka tuurekodi kwanza kwa simu, tumtumie, uwe na mwanzo unaojulikana, mwisho unaojulikana, na mwendo usiobadilika katikati. Nilimpenda papo hapo. Mimi ni mpiga dramu, na mpiga dramu hana adui mkubwa kuliko mtu anayekimbia na wimbo akifika penye raha.

Tukaanza maandalizi katika stoo ya duka langu, hapa mtaa wa Bagamoyo wa Tukuyu, si ile ya pwani, ambako nauza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Mifuko ya mbolea ikipangwa vizuri ukutani inameza mwangwi kuliko godoro lolote, na harufu yake ukishaizoea huisikii tena. Tatizo letu lilikuwa bati. Mvua ya kwetu haiulizi ratiba ya mtu, na ikishuka juu ya bati hata dramu zangu zinageuka za kubembelezea mtoto. Kwa hiyo tulikutana asubuhi, kabla mawingu hayajateremka, na siku ambazo yalituwahi tulikaa tukala ndizi za kuchoma na kubishana.

Tulikuwa wanne. Vijana wawili wa bendi walikuwa wananiita dada, ingawa umri wangu ulishavuka hapo, na sikuona sababu ya kuwasahihisha. Besi alipiga kijana wa kiwanda cha chai, aliyekuja moja kwa moja akitoka zamu, macho mekundu lakini vidole havikosei. Solo lilikuwa la mzee mmoja wa Lufingo, mkulima wa ndizi na chai, mwenye goti bovu na gitaa lisilo na haraka, linalotafuta noti kama mtu anayechagua maharage. Mwimbaji alikuwa binti wa Isongole, aliyekuja mjini kujifunza cherehani na kwa bahati yetu akasikika akiimba kanisani.

Mzee ndiye aliyemlea kimuziki. Alimpigia kipande kimoja cha gitaa, akamtazama, akatikisa kichwa, na binti akakijibu kwa sauti. Akikosea, mzee alirudia kipande kilekile bila neno. Nyimbo zetu zote nzuri zilitoka hapo, katika kujibizana kwa wale wawili, na mimi na besi tulikuwa kama watu wanaoshika ngazi chini wasianguke.

Halafu tukamwoza binti.

Mtoto wa kiume wa mzee ndiye aliyekuwa akimleta baba yake mazoezini kwa pikipiki. Hakuwa na haja ya kusubiri mpaka tumalize, lakini alisubiri, na sisi tukajifanya hatuoni anachosubiri. Mwisho wake ikawa ndoa. Tulishangilia kuliko ndugu wenyewe. Besi alivaa suti ya kuazima, mimi nililia kanisani mpaka nikajiaibisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyetulia akafikiri. Wiki iliyofuata mzee alikuja dukani peke yake, akakaa juu ya mfuko wa mbegu, akaniambia hawezi tena kupiga chumba kimoja na mkamwana wake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Mwanamke hapiti mahali alipo baba mkwe, hakai anapokaa, hagusi vitu vyake, na akisikia kikohozi chake anaacha njia. Si chuki, ni heshima, na inambana mwanamume sawasawa na inavyombana mwanamke. Siku hizi wengi wameilegeza na wengine wameiacha kabisa. Mimi niliyezaliwa mjini niliisikia kwa bibi zangu tu, ikisimuliwa kwa kicheko. Lakini nyumbani kwa yule mzee walikuwa bado wanaishika, na alipoona uso wangu unabadilika aliniwahi.

“Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa.”

“Na mwacha albamu je, baba?”

Hakucheka. Mimi nilikasirika, sifichi. Prodyuza alikuwa ametutengea siku zake, nyimbo zilikuwepo, na bila gitaa lile kuongea na sauti ile tungekuwa bendi nyingine yoyote ya harusini. Nilimwambia hivyo kwa adabu kiasi nilichokuwa nacho siku hiyo. Akaondoka akisema anakwenda kuuliza nyumbani.

Binti naye nilikuwa nimemwandalia hotuba. Nilitegemea atalalamika, nami nimtetee. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga kitambaa kichwani.

“Dada, mimi nimeolewa pale, sijaazimwa,” alisema. “Asiponiona hajanipunguzia kitu. Nikimsikia tu, inanitosha.”

Hotuba yangu ikaishia hapo. Mzee aliporudi alikuja na jibu alilokuwa amelipima na mke wake na ndugu zake wawili: kilichokatazwa ni kuonana na kuzungumza, na kuimba si kuzungumza na mtu. Niweke pazia.

Nilianza na turubai la kuanikia mahindi, likameza sauti ya binti mpaka tukawa tunasikia irabu peke yake. Basi akashona pazia lake mwenyewe, vitenge viwili vyepesi vya rangi ya kijani, nikalitundika kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Upande mmoja alikuwa yeye na mifuko ya mbolea, upande wa pili mzee na besi, na dramu zangu nikaziweka pembeni kabisa, pale pazia linapoishia, ili niwaone wote.

Tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa mlango. Sote tulikuwa tunaingilia mlango mmoja wa uani. Asubuhi ya kwanza binti alikuwa anaingia, mzee naye anaingia, wakakutana kizingitini uso kwa uso. Binti aligeuka akatokomea kwenye migomba ya jirani, umande wote ukamlowesha mpaka magotini. Mzee aliugeukia ukuta na kubaki hivyo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Besi alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Tangu siku hiyo binti alipita dukani kwangu, katikati ya rafu za dawa, na mzee alipita uani akikohoa tangu barabarani, kikohozi kirefu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote.

Mazoezi ya mwanzo yalikuwa vurugu. Kumbe kile kichwa cha mzee kilichokuwa kinatikisika ndicho kilichoshika nyimbo zote. Bila kukiona, binti aliingia mapema, akaingia kwa kuchelewa, akaingia kwenye ubeti usiokuwa wake. Mzee alikuwa na maelekezo, lakini hakuweza kumpa.

“Mwambie asubiri gitaa limalize,” aliniambia.

Binti alikuwa hatua chache tu kutoka hapo na alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo niligeuza shingo nikamwambia asubiri gitaa limalize. Akanijibu sawa. Nikageuza shingo tena nikamwambia mzee, amesema sawa.

“Dada, wewe ni mnara wa simu,” besi alisema. “Bila wewe hakuna mtandao.”

Nilimwambia aangalie besi yake isije ikaisha chaji. Lakini shingo iliniuma kweli, na jioni mume wangu aliikanda kwa mafuta ya parachichi akicheka chini chini.

Kitu kingine kilikuwa mgongaji wa kwenye simu, ile programu ya kushikilia mwendo. Prodyuza aliagiza tupige tukiisikiliza. Mzee aliivumilia nyimbo mbili, halafu akauliza huyu anayegonga amemkasirikia nani. Nilimweleza kwamba hajakasirika, yeye anatusaidia tusikimbie. Mzee akasema yeye hajawahi kukimbia tangu goti liharibike. Tulikubaliana mgongaji abaki sikioni kwangu peke yangu, wengine wanifuate mimi, na hapo kila mtu akapumzika.

Pole pole mambo yakakaa. Mzee aligundua njia yake: kabla ya zamu ya binti aligusa kamba ile nene ya juu mara moja, kwa kidole gumba, sauti ndogo kama mtu anayebisha hodi. Binti akawa anaingia hapohapo, hakosei. Wimbo wa kwanza tuliufunga, wa pili, wa tatu. Kufunga maana yake ni kwamba tumeshakubaliana: mwendo huu, mwanzo huu, kiitikio mara ngapi, mwisho wapi, na hakuna ruhusa ya kubadilisha. Niliandika kwa chaki kwenye mlango kila wimbo uliofungwa. Nilikuwa na furaha siku zile, furaha ya wazi kabisa. Nilifungua duka nikiimba, na wateja waliokuja kulalamikia mbegu walijikuta wanajibiwa vizuri.

Uliobaki ulikuwa wimbo wa chai. Ni habari ya mama anayekwenda kuchuma asubuhi akimwacha mtoto kwa bibi, na mwisho wa kiitikio binti alishika noti moja ndefu, ndefu kweli, kisha bila kuvuta pumzi ya maana akaanguka kwenye ubeti wa pili. Hapo ndipo wasikilizaji wetu walipokuwa wanasimama. Prodyuza alisikia kipande chake kwa simu akaniandikia neno moja: msiuguse. Niliukusudia uwe wimbo wa kwanza wa albamu.

Siku ya kuufunga, binti alishika noti ile, nami nikajiandaa kuingia ubeti wa pili. Mzee hakuingia. Alipiga mzunguko mmoja wa gitaa tupu, halafu wa pili, ndipo akabisha hodi kwenye kamba yake nene. Nilidhani amepotea. Tukarudia, akafanya vilevile. Mara ya tatu nikaweka vijiti chini.

“Baba, hapo tunaingia ubeti.”

“Naingia. Natembea kidogo tu kwanza.”

“Wimbo huu ulishapangwa.”

“Basi tuupange tena.”

“Kwa nini?”

Alikaza kamba moja ya gitaa. “Wimbo unachoka.”

“Wimbo hauchoki, baba. Wanaochoka ni watu.”

“Haya,” alisema. “Umesema mwenyewe.”

Sikumwelewa, na nisipomwelewa mtu napandisha sauti. Nilimweleza kwamba prodyuza ameukubali ulivyo, kwamba raha yote ya wimbo ni pale noti inapoangukia ubeti, na kwamba mizunguko miwili ya gitaa tupu ni sawa na kumwita mgeni ndani halafu kumwacha amesimama sebuleni. Mzee alinisikiliza akiwa ameinamia gitaa. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kama mizunguko ile haiwezekani, wimbo wa chai tuutafutie mpiga solo mwingine. Yeye hataupiga kwa namna ile tena.

Niligeukia pazia. “Na wewe unasemaje?”

“Baba apige anavyotaka,” sauti ya binti ilijibu, ndogo.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikaona mkwe anamtetea mkwe, na albamu yangu inakwama kwa ajili ya heshima za watu wa Lufingo. Mvua ikaanza, ikatusaidia kunyamaza. Niliwaambia tukutane kesho kutwa tuumalize, kwa amani au kwa kura, kisha nikaenda dukani kupanga upya rafu ambazo hazikuwa na kosa.

Kesho kutwa yake mzee alichelewa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtoto wake siku hizo alishapata kazi ya kupakia parachichi kwenye malori, kwa hiyo mzee alikuja kwa bodaboda ya kukodi. Binti alikuwa ameshaingia upande wake, amekaa juu ya mfuko wa mbolea. Nilianza kuamini kwamba mzee amesusa, na nilikuwa tayari natunga maneno ya kumpigia simu prodyuza, pale besi alipoingia akifuta mvua usoni.

“Mzee yuko njiani pale, boda yake imekula pancha,” alisema. “Amesimama kwenye manyunyu, gitaa mgongoni, na pembeni ana kigoda kipya kabisa. Nikamwambia, babu, si ukalie hicho kigoda, goti hilo. Akagoma. Dereva akataka kukikalia yeye azibe tairi, kidogo wagombane. Nikasema uzee una mambo yake, sisi kwenye boda yetu tulikuwa tumeshajaa, nikamwacha.”

“Amesimama muda wote huo?”

“Kama mlinzi wa benki.”

Tulikaa tukingoja mpaka tukasikia kikohozi barabarani. Mzee aliingia amelowa mabegani, anachechemea kuliko siku zote. Gitaa lilikuwa kavu chini ya koti la mvua. Mkononi alikuwa na kigoda alichokivisha mfuko wa nailoni. Aliuvua ule mfuko taratibu, akapangusa miguu ya kigoda kwa kiganja. Kilikuwa cha mbao nyeupe, kinanukia maranda, fundi hakuwa hata amekipaka rangi.

“Ndaga fijo kwa kunisubiri,” alituambia wote, ndiyo asante kubwa ya Kinyakyusa. Halafu akaninyooshea kigoda. “Kipitishe huko.”

Niliinua pindo la pazia nikaingia nacho. Binti alikuwa amesikia. Alipiga magoti kwenye saruji, akakipokea kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, kana kwamba aliyempa ni yule aliye upande wa pili na si mimi. Nikachuchumaa karibu yake nikamnong'oneza.

“Goti lake limevimba. Kwa nini hakukaa?”

Alipitisha kiganja juu ya ule ubao.

“Angekikalia kingekuwa kiti chake, dada. Mimi nisingeweza kukikalia.”

Nilibaki nimechuchumaa. Aliangalia pazia, akaangalia mikono yake, ndipo akaniambia kwamba ana mimba. Mume wake peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Hata mama mkwe hakuwa ameambiwa, walikuwa wanasubiri ikae. Alisema siku hizi akifika mwisho wa ile noti ndefu anaona giza, na ubeti wa pili anauanza akiwa ameshika mfuko wa mbolea asianguke.

“Umemwambia mzee?”

“Naanzaje kumwambia?”

Kweli, angeanzaje. Na mzee angeanzaje kumuuliza. Baba mkwe hataji tumbo la mke wa mwanawe, si kwake, si kupitia kwangu, si kwa mtu yeyote. Mimi nilikaa pale pembeni nikiwaona wote wawili kila siku na sikugundua kitu. Yeye asiyemwona alisikia pumzi inapungua, akaenda kwa fundi seremala na kuagiza kigoda, maana kigoda hakichongwi kwa siku moja, na wakati kinachongwa akampa mizunguko miwili ya kupumua na kugombana na mimi kwa ajili yake. Nilimpenda yule mzee wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na niliona aibu kidogo kwa ule mfano wangu wa mgeni wa sebuleni.

Nilirudi kwenye dramu. Besi alikuwa ananitazama akisubiri kura.

“Wimbo wa chai,” nilisema. “Baada ya noti ndefu, mizunguko miwili ya gitaa. Tumeufunga.”

“Prodyuza alisema tusiuguse.”

“Prodyuza niachie mimi.”

Mzee alikubali kwa kichwa, bila kushinda wala kushindwa. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha plastiki, lakini alikuwa bado amesimama, gitaa begani, uzito wote kwenye mguu mzima. Niliweka simu juu ya mfuko, nikawasha mgongaji sikioni. Nilisubiri akae. Hakukaa.

“Kaa basi, baba, tuanze.”

Aliinua kidole nisubiri. Alikuwa ameinamisha sikio upande wa pazia. Huko nyuma viatu viligusa saruji, gauni likasogea, kisha ubao mpya ukalia kidogo, kama mbao inavyolia ikikaliwa mara ya kwanza. Ndipo mzee akashika goti lake, akakaa, akabisha hodi kwenye kamba nene.